Khabari za Baba Yako, Kabla Hujapanda Ndege

Thuraya mwanangu,

Nakuandikia mchana huu. Wewe umekwenda kwa mama yako mkubwa Zuwena kuaga, na baba yako amejinyoosha majlisi anajifanya anaangalia televisheni. Kesho alasiri ndege yako inaondoka Maskati. Mambo ya pasi, ya sweta, na ya ile pilipili ya kusaga uliyokataa kuitia begini sikuandikii. Hayo tumeyagombania wiki nzima na umeshinda wewe. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiarabu naandika kama mtu anayeomba ruhusa wizarani. Kiswahili chako najua ni cha kuokoteza, "kiti yangu, kitabu yangu," lakini kusoma unaweza. Ukikwama nifuate jikoni nikusomee.

Nianze na hili lililonikalisha kitako. Moyo wa baba yako umeanza tena. Pale walipomtengeneza ulipokuwa mdogo pamechoka, na Jumatatu anaingia hospitali Maskati kupasuliwa. Tumejua tangu mwezi uliopita. Najua mie, anajua yeye, anajua Zuwena, wanajua kaka zako wote wawili. Wewe tu ndiye hujui. Baba yako alitukusanya akasema, "Mtoto asiambiwe. Akishafika, akishatulia, akishaanza masomo, ndipo tutamwambia." Wote wakaitikia. Na mie niliitikia, Mungu anisamehe, maana nilikuwa nimesimama na sinia la kahawa mkononi na nilitaka yale mazungumzo yaishe.

Usikimbilie simu, na usilie kwanza. Soma mpaka mwisho. Nina sababu ya kuvunja ahadi yangu, na sababu yenyewe iko huko huko unakokwenda, Kuala Lumpur.

Unaijua ile picha ya ukumbini, mie na baba yako mbele ya yale majumba mawili marefu, mie nacheka na yeye kavaa kofia yake ya harusini. Tangu mdogo ukiiangalia unasema, "Mie nitasoma huko Mama alikokwenda kutembea." Na kweli umeng'ang'ania mpaka umepata. Sasa nikwambie, mwanangu: hatukwenda kutembea. Tulikwenda kwa daktari. Watu wote tuliwaambia matembezi, mpaka Mama yangu mzazi, Bibi yako, tuliyekuachia wewe mkononi mwake.

Mwaka ule ulikuwa umeanza skuli tu. Baba yako alikuwa akipanda ngazi tatu anasimama, anajifanya anatafuta funguo. Madaktari wa hapa walimwambia apasuliwe, akasema hawa wanapenda visu. Mtu mmoja wa ofisini kwake akamwambia huko Malaysia kuna madaktari wa moyo hodari, wakikwambia hapana haja basi hapana haja. Hilo ndilo alilotaka kusikia. Basi tukafunga safari, siku nne tu, kwenda kuambiwa hapana haja.

Mji ule utaupenda. Mvua yao inakuja alasiri, inapiga kweli, halafu inaondoka kama haikuwepo, na watu wala hawakimbii. Njia moja unapita msikiti, mbele kidogo hekalu la Wahindi wanamwaga maua, mbele tena Wachina wanachoma udi wao mwekundu, na wote wanapigiana honi sawasawa. Hoteli yetu ilikuwa juu ya mkahawa. Asubuhi ya kwanza nikaletewa jani la mgomba, nalifungua, lo! Wali wa nazi. Wali wa nazi, dagaa wa kukaanga na pilipili pembeni. Nikapiga ukelele watu wakageuka. Baba yako akaniambia, "Tumekaa kwenye ndege usiku kucha kuja kula chakula cha mama yako?" Nikamwambia nyamaza ule. Alikula akaomba jengine.

Mwenye teksi aliyekuwa akituchukua alikuwa mzee wa Kichina, mwembamba, mchangamfu. Asubuhi ya pili anatufuata pale pale mkahawani, hata salamu hakutoa, akauliza kwa Kiingereza, "Mshakula?" Baba yako akaruka. Mtu akikuuliza hivyo na sahani iko mbele yako, kwetu maana yake nini? Ana njaa! Akamvutia kiti, "Tafadhali, tafadhali, karibu," akamwagizia wali na chai na mayai. Yule mzee anakataa, baba yako anaapa. Mwisho masikini akakaa akala, na kumbe alikuwa ameshakula kwake. Asubuhi ya tatu kauliza tena, "Mshakula?" Kabla hajamaliza, baba yako ameshaagiza. Ndipo yule mzee akacheka mpaka machozi, akatuambia kwamba kwao ndivyo watu wanavyojuliana hali. Huulizwi u mzima, unaulizwa umekula. Wamalay nao wanauliza khabari, kama sisi, na jawabu yao ni njema, kama sisi. Nikasema moyoni, basi huku tumefika kwa jamaa.

Hospitali sasa. Daktari alikuwa mwanamke wa Kihindi, Mtamili, mtu mzima, kavaa sari chini ya koti jeupe. Mkalimani wetu mama wa Kimalay, Kiarabu chake cha vitabuni, anazungumza kama anasoma taarifa ya khabari. Daktari akamuuliza baba yako, "Unajisikiaje?"

"Alhamdulillahi."

"Kifua kinakubana?"

"Alhamdulillahi, kheri."

"Ukitembea pumzi inakwisha?"

"Tunamshukuru Mungu kwa kila hali."

Na yule mama anatafsiri kwa ufasaha wake: anasema hana neno, anasema yu mzima, anasema anashukuru. Na mie nimekaa pembeni na mkoba wangu mapajani, kimya. Kiingereza ninacho, nimefanya kazi miaka na Wahindi kwenye kampuni ya bima. Lakini nilivyolelewa, mke hamkosoi mume mbele ya wageni. Mume akisema hajambo, hajambo. Nilikuwa tayari kuvuka bahari na kurudi nyumbani na mume mgonjwa kwa sababu ya adabu. Ukifikiri sana utaona ni wazimu.

Daktari akaweka kalamu. Akatazama picha za moyo, akamtazama baba yako, halafu akauliza, "Unalala na mito mingapi?"

Swali hilo huwezi kulijibu alhamdulillahi. Baba yako akanitazama mie, na macho yale nayajua, yalikuwa yananiambia funga mdomo. Nikasema kwa Kiingereza changu cha bima, "Minne. Na siku nyengine pumzi haimruhusu kulala, anakaa kitini mpaka alfajiri."

Basi pale ndipo matibabu yalipoanza. Akaulizwa mengine ya namna ile ile: choo ni mbali kiasi gani na kitanda, viatu vya asubuhi vinaingia jioni au miguu imevimba, mara ya mwisho kumbeba mtoto lini. Jawabu zote nilitoa mie. Tulipotoka hakunisemesha mpaka chini kabisa, tena akaniambia, "Umenivunjia heshima." Nikamwambia, "Heshima utaipata tena, pumzi huipati." Alinuna mpaka chakula cha usiku. Wewe umemrithi kununa huko, usinibishie.

Daktari alisema wazi kwamba lazima apasuliwe, huko au Maskati, lakini asichelewe. Tukaamua Maskati. Kazi ikawa imekwisha, na kesho yake tulikuwa turudi. Jioni nikapiga simu nyumbani, Ibra. Akapokea Zuwena.

"Hamjambo?"

"Hatujambo, kheri tu. Thuraya anacheza nje. Nyie vipi huko?"

"Sisi wazima, tunatembea tu. Mama yuko wapi?"

"Kalala."

"Kalala alasiri?"

"Kachoka na wageni."

Mama yangu hakupata kulala alasiri tangu nimjue. Alasiri ilikuwa saa yake ya kahawa na majirani, na lau ana homa angelikaa nao kajifunga kitambaa cha kichwa. Nililisikia lile neno na nikaliwacha lipite. Baba yako akaichukua simu akasema, "Mji mzuri, tunakula, tunatembea, tunakuombeeni dua." Akakata, akaniambia, "Huna safari uliyofanya tangu nikuoe. Tuongeze siku tatu." Nikafurahi, sikufichi. Tukabadilisha tiketi.

Siku tatu zile nilikuwa mwanamke mwenye raha zake. Tumepanda ule mnara, tumepiga ile picha. Nimeingia maduka ya vitambaa ya Wahindi, ya Wachina, ya Wamalay, nimebishana bei kila mahala kama niko soko letu la wanawake la Jumatano. Nimemnunulia Mama kitambaa cha maua ya buluu cha kushona gauni la Idi. Kila jioni napiga simu, kila jioni kheri tu.

Mama alikuwa hospitali. Kiharusi kilimpiga siku moja kabla ya simu yangu ile ya mwanzo. Siku zile za mwanzo alikuwa bado anasema, kwa shida lakini anasema, na alikuwa akiniuliza mie. Zuwena akimwambia, "Wako njiani." Uwanja wa ndege alikuja kutupokea mjomba wako, badala ya Zuwena. Nikamuuliza khabari, akasema kheri, akatia mizigo, akauliza mvua ya huko ikoje. Nikaona hachukui njia ya Bidbid, njia ya kwetu, anaingia mjini. Nikamuuliza tunakwenda wapi. Akasimamisha gari mlangoni pa hospitali.

Nilimkuta Mama hai, macho wazi. Hakunijua. Aliishi mpaka mwezi uliofuata na hakusema tena neno. Nilikaa naye kila siku, namkanda miguu, namwambia ni mie, nimerudi. Anatazama dari. Hilo linaniuma leo kama lilivyoniuma siku ile, na sitakwambia kwamba nimelizoea.

Zuwena siwezi kumlaumu. Nilimfokea, nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii dada yake, naye akalia akasema, "Nilikuonea huruma. Nilisema wacha angalau mara moja atembee, nisimuharibie." Unaona sasa? Lau angelijua kwamba nimempeleka mume kwa daktari wa moyo, angeliniambia turudi kazi ikiisha. Lakini tulimwambia matembezi, naye akayalinda matembezi yetu. Sisi tunamdanganya yeye, yeye anatudanganya sisi, na kila mtu upande wake anamshukuru Mungu.

Ndivyo tulivyo. Kwa Waarabu wa hapa mgeni akiingia anaulizwa khabari, na jawabu ni moja, hakuna ila kheri, hata kama amekuja na maiti. Kiswahili tulichokuja nacho kutoka Unguja nacho hivyo hivyo: hujambo, sijambo, mtu anakata roho hajambo. Tumerithi kuku wawili, wa Kiarabu na wa Kiswahili, na hakuna hata mmoja aliyetuachia kifaranga cha ukweli. Ami yako Hilal alikuja hapa kutoka Sur kutuletea khabari ya ajali ya nduguye. Akaulizwa khabari, akasema kheri. Akala tende, akala halwa, akanywa kahawa, akatikisa kikombe kwamba basi imetosha. Ndipo akaimwaga khabari yenyewe. Baba yako siku zile alimsifu, akasema yule ni mtu wa heshima, hakututia kiherehere mlangoni. Na kweli ni heshima. Mtu yuko mbele yako, unamuona, unangoja amalize kahawa. Lakini mtu akiwa Kuala Lumpur hakuna kahawa ya kungojea. Anakata simu na heshima yake, na wewe umebaki hujui kitu.

Siku ile baba yako alipotukusanya, nilitoka na lile sinia nikaenda jikoni nikaosha vikombe. Nikaviosha tena. Nikakuona wewe miaka kumi mbele umekaa mahala, unajiambia, siku niliyokuwa dukani nachagua mapazia ya chumba changu kipya, baba yangu alikuwa chini ya kisu na wote walijua. Sitaki ukae hapo. Mie nimekaa hapo, hapakaliki.

Baba yako ana hoja zake, nami sitazificha. Anaogopa ukijua utabaki. Nafasi yenyewe umeipigania, skuli imekupokea, na yeye ukimwambia umebaki kwa ajili yake ndiyo utamuua kabla ya daktari. Kila mtu anayeingia hapa anamwambia, "Binti yangu anakwenda kusomea udaktari," na kila mara anasema kwa sauti kubwa zaidi. Wiki iliyopita kamwambia hata mtu aliyeleta gesi.

Mie nataka uende. Nasema bila ya kuzunguka ili usije ukasema Mama alinitia kwenye mtihani akaniwacha. Madaktari wanasema ana nguvu, wanasema wameshafanya wengi kama yeye. Kaka zako wapo, mie nipo. Kazi ya kukaa nje ya chumba cha kupasulia na tasbihi naiweza, nimeshaifanya. Wewe huna utakalomsaidia pale ila kuniongezea mtu wa kumlisha. Lakini ukiamua kubaki mpaka atoke hospitali, tiketi inabadilishwa, skuli itakungoja wiki mbili, na baba yako nitapambana naye mie. Sitakuona mjinga. Uamuzi ni wako, lakini uamue unajua.

Ukienda, Jumatatu nitakupigia asubuhi kabla hajaingia, na nitakupigia akitoka. Ikiwa kheri nitakwambia kheri, na ikiwa si kheri nitakwambia hivyo hivyo, hata kama watu wote wa Ibra wamesimama mbele yangu wananifinya. Nawe nakuomba kitu kimoja tu cha kunilipa hili. Ukiwa huko usinijibu sijambo tu. Mie nitakuuliza kama yule daktari, na kama yule mzee wa teksi: umekula nini mchana, umelala saa ngapi, umezungumza na nani leo, umelia lini mara ya mwisho. Na wewe niulize hivyo hivyo. Mwanzo utaona kama askari anamhoji mtu. Utazoea. Ukiwa na homa sema una homa. Ukiwa mpweke sema, mpweke si aibu, nimekuwa mpweke humu humu ndani ya nyumba yenye watu kumi. Ukifeli mtihani sema, sitampigia mtu yeyote kumueleza isipokuwa Zuwena, na Zuwena anajua kila kitu hata ukimficha.

Kuna mambo mengi niliyotaka kukwambia juu ya watu wa mji ule, na namna nilivyopenda kuona kila mtu ana Mungu wake na chakula chake na bado wanangojana kwenye taa za barabarani. Utayaona mwenyewe. Utayaona vizuri kuliko mie, mie nilikuwa na mume aliyenuna.

Barua hii sitakupa uwanjani kesho. Nakupa ukirudi tu kutoka kwa Zuwena, kabla ya magharibi, ili upate usiku mmoja nyumbani na khabari yako. Baba yako atakasirika na mie. Atanisemesha tena baada ya chakula, kama kawaida yake.

Ukishasoma, osha uso, nenda majlisi. Punguza sauti ya televisheni. Mkalie karibu, umuulize hali yake. Atakwambia, "Alhamdulillahi, binti yangu."

Usiinuke.

Mama yako